Kamba Tupu ya Wifi

Mashine ililetwa Jumamosi. Cyril ndiye aliyeileta, kwenye gari lake la kubebea samaki, imefungwa kamba kila upande kama vile ingeruka ikimbie. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa mkate. Niliposikia gari linapanda kilima nilijua haliji kwangu, maana sikuagiza kitu, na upande huu wa ghuba tumebaki wawili tu, mimi na wifi yangu Genevieve. Wengine wote wamekufa, au wamehamia mjini St. John's, au wako mbali huko Alberta kwenye kazi za mafuta na hawarudi ila kukiwa na maziko. Nikafuta mikono, nikatoka.

"Cyril, hilo boksi la nini?"

"Mashine ya kukaushia nguo, mama. Noreen amemnunulia mama yake."

"Ya kukaushia nini?"

"Nguo."

"Na upepo umekosa nini?"

Cyril ni mtu mzima, hajaoa, na anatuogopa sisi wawili kuliko anavyoiogopa bahari. Akasema yeye ni dereva tu, hajui habari za upepo. Akaliburuta boksi mpaka barazani kwa Genevieve, akaliingiza kwenye kile chumba kidogo cha nyuma, akaondoka bila hata kunywa chai. Nikabaki nimesimama na unga mikononi, nimefura.

Niseme kwanza kwa nini nilifura, msije mkaniona mwanamke mwenye wivu na boksi.

Genevieve aliolewa na kaka yangu Ambrose, na tangu aolewe anakaa nyumba hiyo hiyo, chini kidogo ya yangu. Kamba yangu ya nguo inaanzia barazani kwangu nyuma, inapita juu ya uzio, inakwenda kuishia kwenye nguzo ukingoni mwa mwamba. Yake inakwenda vivyo hivyo, sambamba na yangu. Huku kwetu kamba ina kapi kila mwisho, kigurudumu ambacho kamba inakizunguka. Unasimama barazani pako, unabana shati, unavuta, shati linasogea mbele, unabana jingine, mpaka safu nzima iko hewani juu ya bahari na wewe hujashuka ngazi hata moja. Kapi langu linalia. Ambrose alitaka kulitia mafuta enzi za uhai wake, nikakataa, kwa sababu nilijua Genevieve analichukia.

Na Jumatatu ni siku ya kufua. Haijaandikwa popote, lakini mwanamke ambaye Jumatatu saa tatu bado hajaanika, ama ni mgonjwa ama ni mvivu, na watu wangependelea awe mgonjwa. Mimi na Genevieve tumeshindana Jumatatu zote za maisha yetu, nani atatangulia. Nikiamka alfajiri, yeye ameamka kabla ya alfajiri. Nikisikia mlango wake nafungua wangu. Halafu anaangalia nilivyoanika. Mashati hubanwa kwa pindo la chini, si mabegani. Soksi na pacha wake. Nguo za ndani katikati, zifichwe na shuka, maana Cyril hupita na mashua. Siku moja nilibana shati kwa mabega kwa kuwa nilikuwa na haraka, na mwaka mzima wifi yangu alinikumbusha.

Mume wangu Leo alipokufa, na Ambrose akamfuata, kamba zikapungua. Nguo za mtu mmoja hazijazi kamba. Hapo ndipo kilipoanza kitambaa. Kila asubuhi, hata isiyo ya kufua, nikimaliza kuosha kikombe changu naanika kile kitambaa cha kufutia vyombo, na yeye anaanika chake. Hatukukubaliana. Hatujawahi kulitamka. Lakini nikikiona chake kinapepea najua ameamka, amekunywa chai, ana nguvu za kuinua mikono. Naye anajua hivyo hivyo kwangu. Majira ya baridi yaliyopita nilishikwa na homa nikashindwa kutoka kitandani, na kabla jua halijapanda vizuri Genevieve alikuwa mlangoni mwa chumba changu, amevaa ndara kwenye theluji.

"Kamba yako tupu," alisema. "Umekufa?"

"Bado."

"Basi kaa nikupashie supu."

Hiyo ndiyo kazi ya kamba. Sasa mtu akuletee boksi la kuanika nguo gizani, ndani ya nyumba, usione kinachoendelea kwa mwenzio. Mtanielewa au hamtanielewa, shauri yenu.

Nilimfuata kwake. Nilimkuta amesimama mbele ya lile boksi, amejishika kiuno, analisoma.

"Wifi," nikasema, "umezeeka au umetajirika?"

"Vyote viwili."

"Hilo dude utalifanyia nini?"

"Litanikaushia nguo, Philomena. Limeandikwa hapa. Unajua kusoma."

"Nguo zitanuka chuma."

"Zitanuka chochote zitakachonuka, mimi ndiye nitakayezivaa." Akanyoosha mikono yake mbele ya uso wangu. Vidole vyake vimevimba kwenye maungo, vimepinda, na kile kidogo cha kushoto hakifungi tena. "Hivi unavyoviona, kila nikibana kibanio natamani kulia. Shuka zikiganda mwezi wa pili nazibeba ndani kama mbao. Nimechoka. Noreen ameniuliza, nimesema ndiyo."

Hapo mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nilikuwa na akili lakini nilikuwa na hasira zaidi.

"Na Jumatatu?" nikamuuliza.

"Jumatatu nini?"

"Mimi nitajuaje kama..." Yaliyobaki nikayaacha. Sikuwahi kuyasema, na sikutaka kuanza kuyasema mbele ya boksi.

"Utajuaje kama nini? Kama nimebadilisha chupi?" Akacheka. Genevieve akicheka hivyo anakuchimba. "Maskini Philomena. Utakosa cha kuchungulia. Kuanzia sasa hutaona hata kitambaa cha vyombo. Vyote ndani ya mashine, na mlango nimefunga."

"Kamba yako ikae tupu mpaka ioze. Na mimi sitaigeuzia hata shingo."

"Nitashukuru. Shingo yenyewe imerefuka kwa kuchungulia."

Nikatoka. Mkate wangu ulikuwa umefura ukamwagika nje ya bakuli, nikaupiga ngumi zaidi ya ulivyostahili.

Jumapili Cyril alitupeleka kanisani kama kawaida, mimi mbele, Genevieve nyuma, na Cyril katikati ya ukimya akizungumza habari za hali ya hewa peke yake. Alisema Jumatatu itakuwa kavu, upepo wa magharibi, halafu jioni ukungu na manyunyu. Genevieve alikuwa akitazama dirishani. Lakini mimi nilisikia, na moyoni nilikuwa nimeshapanga.

Jumatatu niliamka kukiwa bado giza, nikafua kila kilichofulika. Nilifua hata mapazia. Halafu nikalitoa kabatini blanketi la viraka, lile kubwa alilonishonea mama yangu nilipoolewa, ambalo Genevieve amelitamani maisha yake yote kwa sababu yeye alishonewa dogo. Nikalifua, na nikaenda kuanika. Kapi likalia mpaka ghuba nzima ikasikia. Nikavuta kamba taratibu nikipima, mpaka blanketi likakaa pale nilipotaka, sawasawa na dirisha la jiko la Genevieve na mlango wake wa nyuma. Akifungua pazia alione. Akitoka nje alione. Alione linavyokula upepo, lilivyong'aa, halafu aende akaangalie chupi zake zikizunguka ndani ya dude la chuma. Nikaitoa redio nikaiweka dirishani, nikaiongeza sauti, ajue kwangu kuna furaha.

Kamba yake ilikuwa tupu. Si kwamba niliangalia. Niliona tu, kule mwishoni kwenye nguzo, ambako blanketi halikufika. Hakuna shuka, hakuna kitambaa.

Sijui kama mmewahi kumkasirikia mtu ambaye hajibu. Inachosha kuliko ugomvi wenyewe. Nilisugua sakafu kwa hasira. Nilikaanga mabaki ya chakula cha Jumapili, nyama ya chumvi na viazi na kabeji, maana siku ya kufua hakuna mtu anayepika, na nikala nimesimama. Kila mara nilijikuta nimefika dirishani. Kila mara naona blanketi langu linapepea, na kule mwisho kamba tupu. Ameweza. Kweli ameweza. Miaka yote ile, halafu anabonyeza kitufe anakaa na kahawa. Nilichukia mpaka kichwa kikaniuma. Nilichukia mashine, nikamchukia aliyeitengeneza, na mchana nikachukua simu nimpigie aliyeinunua.

"Noreen, umemharibu mama yako."

"Shangazi, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Umemharibu. Kamba tupu tangu asubuhi, na jua hili."

"Shangazi, mama ana mikono mibovu. Nilitaka apumzike tu." Noreen ni muuguzi huko mjini, ana sauti ya kumtuliza mgonjwa, nami sipendi kutulizwa. "Umemwona leo? Nimempigia mara mbili hapokei."

"Atasikiaje simu? Yuko na mume wake mpya. Dude lile linanguruma kama meli."

"Kwa hiyo yuko salama?"

"Salama kuliko mimi."

Akacheka, akasema basi atampigia jioni. Nikakata simu nikiwa nimeridhika na ule utani wangu wa mume mpya. Niliurudia peke yangu nikiosha sahani.

Mchana ukaenda hivyo. Katikati ya nyimbo za redio nilisikia shakwe wanapiga kelele kule nyuma, nikaongeza sauti.

Jioni upepo ukageuka kama alivyosema Cyril. Ukungu ukaanza kuingia kutoka baharini, na hewa ikawa na unyevu. Nikatoka kuanua. Nikavuta kamba, mapazia yakaja, nikayabanua nikayatia kapuni, shuka zikaja, mashati yakaja. Kapi likilia, blanketi likawa linasogea kwangu polepole, na nyuma yake nyumba ya Genevieve ikaanza kutokea, kwanza ukuta, halafu dirisha, halafu mlango wa nyuma.

Mlango ulikuwa wazi.

Chini ya ngazi kulikuwa na kapu limepinduka, na nguo zilizofuliwa zimetapakaa kwenye majani na matope. Na katikati ya nguo alikuwa Genevieve, amelala ubavu, amejifunika shuka mbichi, mkono mmoja juu. Mkononi ameshika foronya nyeupe. Aliitikisa mara moja, kidogo, kama mtu aliyechoka kufanya kitu hicho hicho.

Sikumbuki kuvuka uzio. Nina miaka mingi sijavuka uzio ule, napitia getini kama watu. Nilipiga magoti kwenye matope nikamshika uso, ulikuwa baridi kama samaki.

"Wifi. Genevieve. Wifi yangu."

"Zima," akasema. Midomo ilikuwa ya bluu. "Zima hiyo redio. Inaniua."

"Umeumia wapi?"

"Nyonga. Nimesikia ikivunjika." Akafumba macho akayafumbua. "Ngazi ilikuwa na umande. Nilikuwa na haraka. Nilikusikia unafungua mlango."

"Ulikuwa unakwenda wapi na nguo?"

"Nilikuwa nakwenda wapi na nguo mbichi Jumatatu asubuhi, Philomena? Baa?"

Niliingia ndani kutafuta mablanketi na simu. Nikapita kile chumba kidogo cha nyuma. Boksi lilikuwa pale pale Cyril alipoliacha, halijakatwa hata utepe. Alikuwa amelitandikia kitambaa cha meza, akaweka juu chungu chake cha maua na kopo la vibanio. Nilisimama mbele yake nikatamani kulipiga teke, lakini halikuwa na kosa lolote.

Nikampigia Cyril, Cyril akaita gari la wagonjwa, na gari la wagonjwa lina safari ndefu mpaka huku. Tukalisubiri. Nilimfunika kila nilichokikuta ndani, nikajilaza nyuma yake palepale chini nimpe joto, wanawake wawili wazee kwenye matope na ukungu. Cyril akashikilia mwavuli, hajui aangalie wapi.

"Nilikuita," akasema Genevieve baada ya muda. Hakusema kwa ukali, ndiyo maana liliniingia. "Asubuhi nilikuita sana. Upepo ukaenda na sauti. Halafu ikaja redio. Nikasema haidhuru, atatazama. Philomena hawezi kukaa bila kutazama. Nikachukua foronya nikawa napunga."

"Tangu asubuhi?"

"Nikichoka nashusha mkono. Nikipata nguvu nainua."

"Nilidhani uko ndani na mashine."

"Najua. Nililala hapa nikakumbuka nilivyokuambia. Hata kitambaa hutakiona." Akapumua kwa shida. "Mdomo wangu huu."

"Na wangu," nikasema. Nilikuwa nalia, nilimlowesha nywele. "Nilisema sitageuza shingo. Nisamehe, wifi."

"Hukugeuza hata kidogo?"

"Niligeuza kutwa nzima. Niliona blanketi."

Hapo akafumba macho mpaka nikaogopa. Nikamtikisa bega. Akafungua jicho moja.

"Blanketi lenyewe," akasema, "nimelitazama kutwa. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Lina doa."

"Halina doa."

"Lina doa, pale pembeni, chini ya kiraka chekundu. Umelianika na doa lake mbele za watu."

Cyril akageuka pembeni, mabega yakimtetemeka, na sikujua kama anacheka au vipi. Mimi nililia zaidi.

Walimpeleka St. John's, wakamtengeneza nyonga, na Noreen amemchukua kwake. Ana chumba chake, ghorofani, na kila siku anatembezwa na kile kigari cha kushikilia. Noreen aliponipigia sikujua nimwambie nini. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo nalo limenikera, ningependa mtu mmoja tu anitukane niwe nimemaliza. Amesema mama yake asirudi kuishi peke yake, hata mimi naona, na akaniambia ile mashine niichukue mimi. Nikamwambia aje aitoe mwenyewe. Bado iko pale na chungu cha maua, naenda kuyamwagilia.

Genevieve hupiga simu Jumatatu. Hasalimii.

"Umeanika?"

"Tangu saa ile."

"Mashati?"

"Kwa pindo."

"Huku nguo zinakaushwa chini, kwenye chumba cha mashine, na watu nisiowajua. Zinatoka zina joto, lakini hazina harufu yoyote. Nazinusa sipati kitu." Halafu namsikia anavyopumua. "Na kwangu kukoje?"

"Kwako ni kutupu tu, kutakuwaje?"

Namdanganya. Kila asubuhi nikimaliza kikombe changu nashuka getini, nafungua mlango wake wa nyuma, nachukua kitambaa chake cha vyombo, nakilowesha, nakianika kwenye kamba yake kwa vibanio vyake kutoka lile kopo. Halafu narudi kwangu nakaa dirishani nakitazama. Najua ni nani aliyekianika, sijapungukiwa akili. Lakini kikianza kupepea, moyo wangu bado unasema, haya, ameamka, na lazima nijikumbushe upya.

Blanketi nimelifua tena na tena. Nimelitandaza mezani nikavaa miwani, nikalikagua kiraka kwa kiraka. Chini ya kile chekundu hakuna kitu. Nimemwambia kwenye simu, akasema sioni kwa sababu sijui kutazama.

"Basi rudi unionyeshe," nikamwambia.

Nilishika simu nikasubiri, na kule nje kapi likawa linalia kwa upepo. Nilijua analisikia.